Faili Lililokataa Kufunguka na Kukataa Kufutwa

Mjini Kamembe, juu ya vilima vinavyotazama ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, yako maduka madogo ya kuchapisha na kunakili karatasi ambamo tangu asubuhi watu husimama wakingoja zamu, kila mmoja na flashi yake mkononi. Mwanafunzi ana barua ya kuombea kazi, mwalimu ana mitihani ya muhula, na mfanyabiashara avukaye mpaka kwenda Bukavu ana orodha ya bidhaa zake. Kompyuta ya duka ni moja, au mbili likiwa duka la mwenye uwezo. Flashi huingizwa, huchomolewa, huingizwa nyingine, na ni nadra kumwona mtu akiangalia kwanza kama kile kitaa chake kidogo kimekwisha kumetameta.

Katika duka la namna hiyo ndimo mke wa askari mmoja alimopatwa na mkasa ambao umewapata wengi. Mumewe alikuwa katika kikosi cha kulinda amani Jamhuri ya Afrika ya Kati, nchi ambayo majeshi ya Rwanda yamekuwa yakihudumu chini ya Umoja wa Mataifa tangu mwaka 2014. Akiwa huko alifiwa na mama yake mzazi, na hakuwahi kuja kuzika. Wenye kazi ya jeshi na polisi wanaujua vizuri msiba wa kusikilizwa kwa simu. Mkewe, basi, alijitahidi kumwekea mumewe kumbukumbu. Alipiga picha tangu siku ya kwanza ya matanga hadi watu walipotawanyika, akapokea na nyingine kutoka kwa jamaa waliovuka kwa mashua kutoka kisiwa cha Nkombo na waliotoka ng'ambo ya Mto Rusizi. Jumla zilipita mia. Tena ilikuwapo video moja ambamo kaka mkubwa wa marehemu alisimama kusimulia maisha ya dada yake. Mume alitumiwa picha chache tu. Zilizobaki alisema zihifadhiwe, atazitazama atakaporudi likizo, akiwa ameketi na wenzake nyumbani.

Simu ilipojaa, mama huyo alikwenda dukani akaomba picha zote zihamishiwe kwenye flashi. Kijana wa duka hakuzinakili. Alizikata na kuzibandika, jambo ambalo maana yake ni kwamba kila picha ikishafika kwenye flashi hutoweka katika simu. Kabla kazi haijatulia, mteja mwingine akahitaji tundu la kompyuta, na flashi ikachomolewa.

Jioni ile jirani, ambaye ni askari polisi, aliifungua flashi katika kompyuta yake. Folda ya msiba ilikuwapo, lakini ndani yake majina ya picha yalikuwa yamegeuka kuwa visanduku na alama zisizosomeka katika lugha yoyote. Faili moja lilidai kuwa na ukubwa uliozidi ukubwa wa flashi yenyewe. Jingine lilionyesha kwamba limetengenezwa mwaka 1980, wakati ambapo hata aliyepiga picha alikuwa hajazaliwa. Yalipobofywa, kompyuta ilijibu kwamba yameharibika. Jirani akaona hizo ni takataka tu, akajaribu kuyafuta ili flashi ipate nafasi. Hapo kompyuta ikakataa vilevile, ikisema faili halionekani, ingawa jina lake lilikuwa mbele ya macho ya wote wawili. Hatimaye ikauliza kama flashi isafishwe yote na kuanzwa upya.

"Shemeji, tukubali tu," jirani alisema, "itakuwa kama mpya."

Shemeji yake hakukubali. Aliichomoa, akaifunga katika pindo la kitenge chake, akaenda nayo nyumbani. Jirani hakuwa na nia mbaya, na ushauri wake ndio unaotolewa karibu kila mahali. Hata hivyo, kama angefuatwa, pengine kilio cha nyumba ile kingekuwa cha mara ya pili.

Ili kuelewa kwa nini, mtu na aifikirie flashi kama bohari ya kikosi. Vitu viko kwenye rafu, na mlangoni ameketi mtunza bohari mwenye leja. Picha moja haikai mahali pamoja. Hugawanywa katika vipande vingi vilivyowekwa kwenye rafu mbalimbali, na leja ndiyo inayoeleza kipande cha kwanza kiko wapi, cha pili kiko wapi, hata cha mwisho. Flashi inapochomolewa wakati mtunza bohari yu katikati ya kuandika, vitu huwa vimekwisha kuingia lakini leja imebaki na kurasa za uongo. Kompyuta ikiambiwa ifungue faili, husoma leja, huenda kwenye rafu iliyotajwa, na kukuta kitu kingine au kutokuta kitu. Ikiambiwa ilifute, hukwama vilevile, kwa sababu kufuta nako ni kazi ya leja: haiwezi kuondoa kwa utaratibu kitu ambacho maandishi yake hayapatani. Ule mwaka 1980 nao hauna siri. Leja ya aina itumikayo katika flashi nyingi huanza kuhesabu miaka tangu tarehe 1 Januari 1980, na pale ambapo tarehe imepotea, sifuri husomeka hivyo.

Jambo kubwa ni kwamba leja ikiharibika, vitu vilivyo kwenye rafu huwa bado vipo. Faili linapofutwa kwenye flashi ya kawaida, yaliyomo hayaondolewi papo hapo. Herufi ya kwanza ya jina hubadilishwa kuwa alama, na nafasi ya vipande vyake hutangazwa kuwa wazi. Yaliyomo hukaa hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa hiyo adui mkubwa wa picha zile hakuwa kijana wa duka. Adui angekuwa mtu yeyote ambaye, baada ya mkasa, angeweka wimbo, au barua, au picha mpya katika flashi ileile. Ifahamike lakini kwamba diski za kisasa zisizo na sahani inayozunguka, zile zinazofungwa ndani ya kompyuta, zina desturi nyingine: zikifuta huelekea kusafisha rafu upesi, na huko matumaini ni madogo.

Si kila faili kaidi lina leja mbovu. Mara nyingi sababu ni ndogo mno: faili limefunguliwa na programu nyingine, na kompyuta hairuhusu kitu kilicho mkononi mwa mtu kitupwe. Kufunga programu zote, au kuzima kompyuta na kuiwasha tena, humaliza ubishi. Pengine faili lilitoka katika kompyuta nyingine na mwenye haki juu yake ni mtumiaji wa huko. Mkubwa wa kompyuta hana budi kutoa idhini. Pengine kosa li katika jina. Jina likiishia kwa nukta au kwa nafasi tupu, Windows huliona lakini ikashindwa kulishika. Mfululizo wa folda ndani ya folda ukizidi herufi 260 au karibu na hapo, programu nyingi hushindwa kufika mwisho wake. Dawa ni kufupisha majina ya folda za juu. Yako pia majina yaliyokatazwa kabisa, kama vile CON, PRN, AUX na NUL, ambayo zamani za DOS yaliwakilisha vifaa: CON ilikuwa kibodi pamoja na kioo, PRN mashine ya kuchapa. Enzi hizo zimepita lakini katazo limebaki, na folda yenye jina hilo ikitengenezwa na mashine ya aina nyingine, Windows hubaki ikiitazama bila kuweza kuigusa.

Iko sababu nyingine ambayo baadhi ya watu huiita uchawi. Faili linafutwa leo, linatoweka, na kesho flashi ikiingizwa tena limo palepale. Chembe zinazohifadhi maandishi ndani ya flashi huchakaa kwa kuandikwa na kufutwa mara nyingi, na baadhi ya flashi zikikaribia mwisho wake hujifunga zenyewe, zikaruhusu kusomwa tu. Mwenye nayo hukasirika akaipiga-piga mezani, kumbe amepewa muda wa kutoa mali yake kabla nyumba haijaanguka. Hapo hakuna cha kutengeneza. Yaliyomo yanakiliwe mahali pengine, kisha flashi itupwe. Kwa kadi za kamera ichunguzwe kwanza ile swichi ndogo ya pembeni, kwa maana ikisukumwa upande mmoja huzuia maandishi yote, na fundi asiye mwaminifu aweza kutoza fedha kwa kuirudisha juu.

Virusi navyo havikosi. Vilivyozoeleka zaidi katika flashi za kupita mkono kwa mkono huficha folda zote za mwenyewe na kuweka mahali pake njia za mkato zenye majina yaleyale. Mtu akizibofya huvisambaza, akizifuta hurudi. Mali yake imo humo imefichwa tu, na kompyuta iliyo safi, yenye kinga, ikiamriwa kuonyesha yaliyofichwa itaidhihirisha.

Lakini la kuhuzunisha kuliko yote ni flashi za bandia, na hili litazamwe kwa makini na kila mnunuzi. Juu ya ganda imeandikwa GB 512, bei ni ndogo ya kushangaza, na kompyuta ikiulizwa nayo huitika kuwa ni 512. Huitika hivyo kwa sababu kidude kinachoiongoza flashi kimefundishwa kusema uongo. Ndani mna nafasi ya GB 8 au 16 tu. Faili za kwanza hufunguka vizuri, mnunuzi akaridhika. Nafasi ya kweli ikijaa, kila kinachoingia hupotea au huandikwa juu ya kilichotangulia, na leja huendelea kupokea majina kana kwamba hakuna lililotokea. Baada ya miezi mtu hufungua akakuta majina yote ya picha za arusi yamo, na picha hazimo. Hapo fundi yeyote atakayeahidi kuzirudisha anadanganya, kwa kuwa hazikuhifadhiwa hata siku moja. Flashi mpya ijaribiwe siku ileile ya kununuliwa: iko programu ya bure ya Kijerumani iitwayo H2testw ambayo huijaza hadi pomoni kisha huisoma tena na kutoa taarifa ya ukweli. Asiye na programu hiyo aijaze kwa video mpaka ikatae, aichomoe, aiingize tena, kisha afungue ya kwanza, ya katikati na ya mwisho.

Flashi ya mke wa askari haikuwa ya bandia. Kesho yake aliipeleka kwa fundi wa kompyuta wa papo hapo Kamembe, kijana mpole, ambaye kabla ya kuigusa aliuliza swali moja.

"Mama, kuna kitu kimeandikwa humu tangu siku ile?"

Alipojibiwa kwamba hakuna, alipumua. Kisha hakuanza na faili lolote. Alitengeneza nakala ya flashi nzima, rafu kwa rafu, zilizojaa na zilizo wazi, akaiweka katika diski ya kompyuta yake, na flashi yenyewe akamrudishia mwenyewe aitunze. Kazi yote iliyofuata ilifanywa juu ya nakala. Hiyo ndiyo alama ya fundi wa kuaminiwa, na anayeanza kwa kubofya huku na huku katika flashi ya mteja anyang'anywe mara moja.

Alitumia programu ya bure iitwayo PhotoRec, iliyotungwa na Mfaransa Christophe Grenier. Programu hiyo haijishughulishi na leja hata kidogo. Hupita kwenye rafu moja baada ya nyingine ikitafuta vitu kwa sura zake, kwa maana kila picha ya aina ya JPEG huanza kwa alama zilezile, kama vile mzigo wa jeshi ujulikanavyo kwa muhuri wake hata kama hati zake zimeungua. Inavyovipata huviweka katika diski nyingine, kamwe si ndani ya flashi inayochunguzwa. Baada ya hapo ndipo fundi alipoijaribu, juu ya nakala ya pili, amri ya Windows iitwayo CHKDSK, ambayo hurekebisha leja. Amri hiyo ni nzuri kwa kurudisha utii wa flashi na kuondoa faili lisilofutika, lakini ni hatari ikitangulia, kwani kazi yake ni kuipatanisha leja na si kuokoa picha. Vipande inavyoviokota huvitupa katika folda iitwayo FOUND.000 kwa majina yanayoishia na CHK. Wengi huifuta folda hiyo bila kujua kwamba ndimo zilimo picha zao, zikingoja tu kubadilishiwa mwisho wa jina.

Kwa wenye nyaraka badala ya picha, yako mengine ya kujaribu. Programu ya Word ina njia ya kufungua huku ikirekebisha, na LibreOffice ambayo haiuzwi mara nyingine hufungua kile Word ilichokikataa. Hati inayoishia na docx, mtindo uliokuja na Word ya mwaka 2007, kwa hakika ni kifurushi kilichofungwa. Nakala yake ikipewa mwisho wa zip, yawezekana maandishi yakatolewa ndani hata kama mapambo yamepotea.

Hapa askari na polisi wana jambo lao la pekee. Yaliyosemwa juu ya picha za msiba ni kweli pia kwa taarifa za kazi: kilichofutwa katika flashi bado kinaweza kusomwa na mwenye programu ya bure na saa moja ya nafasi. Flashi ya ofisi haifai kuingizwa katika kompyuta ya duka, wala kupelekwa kwa fundi wa mtaani, wala kupewa mtoto aende nayo shuleni kwa sababu "haina kitu". Kusafisha kwa haraka hufuta leja tu. Ya kutupwa na ivunjwe.

Picha zilizorudi zilikuwa zaidi ya tisini. Nyingine zilikuwa nusu, chini zimegeuka rangi ya kijivu kwa kukosa vipande. Video ilisumbua zaidi, kwa sababu simu nyingi huandika faharasa ya video mwishoni, na isipofika, mashine haijui pa kuanzia. Fundi aliiomba ile simu, akapiga nayo video nyingine fupi ili iwe kielelezo, na kwa msaada wake akapata dakika za mwanzo: sauti ya mzee hadi pale anapoanza kutaja majina ya wajukuu, basi. Fundi huyohuyo ndiye aliyemkumbusha mama kuwauliza jamaa wa Nkombo na wa Bukavu kama bado wanazo picha walizomtumia. Wawili walikuwa nazo. Hilo lingepasa kufanywa kabla ya kumlipa fundi yeyote, maana nakala bora ni ile iliyomo tayari katika simu ya mtu mwingine.

Wakazi wa Rusizi hawahitaji kuambiwa kwa nini nakala isikae nyumba moja na asili yake. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ardhi lilibomoa nyumba na makanisa wilayani humo, na vilivyokuwa kabatini vilibaki chini ya matofali. Mama huyo sasa ana flashi mbili, moja kwake na moja kwa dada yake, na dukani huwa hasemi tena "hamisha". Husema "nakili", husimama mpaka kitaa kitulie, hufungua picha mbili tatu ili kuhakikisha, na simu huifuta mwenyewe jioni.

Mume alirudi likizo. Picha zilikuwa zimepoteza majina na zimechanganyika. Zile za simu ya nyumbani zilibeba ndani yake saa na tarehe, lakini zilizotumwa kwa WhatsApp hazikuwa na kumbukumbu hiyo. Ilibidi mke aketi naye jioni mbili mfululizo akizipanga kwa kichwa chake: hawa walifika kabla ya mvua, huyu ni binamu wa Bukavu aliyechelewa mpakani, hapa ndipo tulipoondoka nyumbani. Walipofika kwenye picha zilizoharibika aliuliza kama aziondoe, kwani sasa zinafutika bila taabu. Iko moja inayoonyesha nyuso za waliobeba jeneza, na kuanzia mabegani kwenda chini yote ni kijivu. Mume alisema iachwe.